Maswali ya Wasomaji: Nanga ya Chuma Ndani ya Mfupa

Tangu tuandike juu ya kuchanika kwa kano za bega, barua nyingi zinazofika mezani kwangu zimekuwa zikirudia jambo lile lile: kile kipande kidogo cha chuma ambacho mgonjwa huonyeshwa kwenye picha ya eksirei baada ya upasuaji, kikiwa kimezama mfupani kama msumari uliosahauliwa na fundi. Wapo wanaokiita skrubu, wapo wanaokiita pini, na msomaji mmoja amekiita risasi. Madaktari wa mifupa hukiita nanga, na kwa kuwa jina hilo linaieleza kazi yake kuliko mengine yote, ndilo nitakalolitumia. Nimechagua barua saba na kuzifupisha bila kuyagusa maswali yenyewe.

Swali: Nakusalimu, Daktari. Nilianguka ngazini nikachanika kano ya bega la kulia, na miezi minne iliyopita nikafanyiwa upasuaji. Katika picha naona vidude viwili vyeupe vyenye meno kama ya skrubu. Vinafanya kazi gani hasa, na kwa nini kano haikushonwa tu kama nguo inavyoshonwa? (Mwalimu mstaafu)

Jibu: Shikamoo, Mwalimu, kwa umri wako ni mimi niliyepaswa kuanza.

Nguo na kiraka chake ni vitu vya namna moja, ndiyo maana sindano hupita kotekote bila taabu. Kano na mfupa ni vitu viwili tofauti kabisa. Kano ni kamba imara ya nyuzinyuzi, ilhali mfupa una gamba gumu kwa nje, na ndani ya gamba hilo kuna mfupa mwepesi wenye vitundu kama sifongo. Begani zipo kano nne zinazokifunika kichwa cha mfupa wa mkono wa juu kama kofia, na inayochanika mara nyingi zaidi ni ile ya juu, inayosaidia kuuinua mkono kutoka ubavuni. Inapochanika, kwa kawaida hung'oka pale pale ilipojishikiza mfupani, na msuli wake huivuta nyuma ikawa mbali na mahali pake. Kazi ya daktari ni kuirudisha na kuibana hapo hadi ishikane na mfupa upya.

Zamani jambo hilo lilifanywa kwa kutoboa vijitundu katika mfupa wenyewe, nyuzi zikaingizwa upande mmoja na kutokea upande wa pili, kisha zikafungwa juu ya daraja la mfupa lililobaki katikati. Haikuwa njia mbaya, na wapo mabingwa wanaoitumia hadi leo; lakini ilihitaji kupasua sehemu kubwa, na kwenye mfupa dhaifu uzi uliweza kulikata lile daraja kama waya unavyokata sabuni. Nanga zilizoanza kutumika katika miaka ya 1980 zilibadili hesabu hiyo, kwa sababu uzi sasa hautoki kwenye tundu lililopenya mfupa bali unatoka kwenye kitu kilichokwama ndani yake, na kazi nzima inaweza kufanywa kupitia matundu madogo ya ngozi kwa msaada wa kamera.

Niruhusu nikusogeze karibu na meza ya upasuaji. Kwanza daktari hupaparuza mahali kano ilipong'oka mpaka mfupa utoe damu kidogo, kwa kuwa kupona kwa kano huanzia kwenye damu hiyo na uboho unaotoka nayo. Kisha hufungua njia kwa keekee au kwa chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo ndogo. Nanga huja imekaa kwenye ncha ya bisibisi ndefu iliyochorwa mstari, na mstari huo unapolingana na uso wa mfupa, ndipo ijulikanapo kuwa nanga imezama kiasi kinachotakiwa. Bisibisi huzungushwa polepole. Mfupa mzuri hukaza kila mzunguko, na mfupa mbovu hujitangaza mapema kwa ulegevu ambao mkono wa daktari huuhisi kabla jicho halijaona kitu. Bisibisi ikiondolewa, nyuzi za rangi tofauti hubaki zikining'inia kutoka kwenye kitundu. Huvutwa kwa nguvu ili kuijaribu nanga, hupitishwa moja moja katika kano, halafu hufungwa mafundo, ingawa siku hizi zipo pia nanga zinazobana uzi zenyewe bila fundo.

Nanga za bega kama zako huwa na kipenyo cha kati ya milimita 4.5 na 6.5 hivi. Za kidole gumba ni ndogo zaidi, na zipo pia za kifundo cha mguu, kisigino na nyonga, zote zikifuata wazo lile lile.

Swali: Shikamoo, Daktari. Bega langu lilikuwa likiteguka kila mara nichezapo, nikawekewa nanga tatu ndogo za titani. Nirudi lini kutolewa? Je, hazitashika kutu huko ndani, au kulia kwenye mashine za ukaguzi uwanja wa ndege? (Mchezaji wa mpira wa mikono)

Jibu: Marahaba. Hutarudi kutolewa, isipokuwa nanga yenyewe ilete matata. Vyuma vingine vinavyowekwa mwilini, kama vile waya zinazoshikilia mfupa wa mtoto uliovunjika, huwa na tarehe ya kutoka, nanga haina. Kuitoa kunahitaji kuuchimba mfupa unaoizunguka, na tundu litakalobaki ni kubwa kuliko lile la mwanzo, kwa hiyo kuifuata nanga isiyokusumbua ni kujitafutia jeraha la bure.

Kuhusu kutu usiwe na hofu. Chuma kinachotumika kwa kawaida ni titani iliyochanganywa na takribani asilimia 6 ya alumini na asilimia 4 ya vanadi. Mara tu titani inapokutana na hewa au majimaji hujivika utando mwembamba mno wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Ndiyo sababu mwili huivumilia. Uvumilivu huo uligunduliwa kwa ajali: katika miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliweka vyombo vidogo vya titani katika mifupa ya sungura ili achunguze mzunguko wa damu, na alipotaka kuvichukua akakuta mfupa umevishika kiasi kwamba havitoki. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza meno ya bandia yaliyosimama juu ya titani, na nanga za leo zinanufaika na elimu ile ile.

Mashine za uwanja wa ndege ni nadra kushtuliwa na kipande kidogo hivyo. Zikilia, mwambie mkaguzi umewekewa chuma begani, naye atakupima kwa kifaa cha mkononi.

Swali: Nina nanga mbili za chuma begani na sasa natakiwa kupimwa MRI. Jirani ananiambia sumaku ya mashine hiyo inaweza kuzing'oa. Nimeahirisha kipimo mara mbili. (Mhasibu)

Jibu: Jirani yako ana haki ya kuogopa sumaku hiyo, kwani ina nguvu ya kuvuta mtungi wa gesi kutoka upande wa pili wa chumba, ila titani haivutwi nayo. Mgonjwa mwenye nanga za titani hupimwa bila kung'olewa kitu. Unachopaswa kufanya ni kumweleza mtaalamu wa mashine, kabla hujaingia chumbani, una chuma gani, kimewekwa wapi na lini, na kama ulipewa kadi yenye jina la kifaa, uibebe. Kama hujui ni chuma cha aina gani, omba hospitali iliyokupasua iangalie kumbukumbu za upasuaji. Hilo ni ombi la kawaida na usilionee haya.

Shida halisi ya chuma katika MRI ni picha. Kuizunguka nanga hutokea doa jeusi lenye kingo zilizopindapinda, kubwa kuliko nanga yenyewe, na kwa bahati mbaya doa hilo huangukia mahali hasa ambapo daktari anataka kuona kama kano imeshikana na mfupa. Ziko namna za kuiseti mashine ili doa lipungue, ndiyo maana taarifa yako inahitajika mapema. Tena, ikiwa swali pekee ni kama kano imechanika upya, kipimo cha ultrasaundi kikifanywa na mtu aliyekizoea hutoa jibu zuri bila kusumbuliwa na chuma kwa kiasi hicho.

Swali: Nikivaa hereni za bei rahisi masikio yanatoka vidonda. Nitawekewa nanga wiki ijayo. Je, nimwambie daktari? (Msomaji wa kike)

Jibu: Mwambie, tena leo, dada yangu. Kinachokuletea vidonda huenda ni nikeli. Mchanganyiko wa titani niliouelezea juu hautengenezwi kwa nikeli, lakini chuma cha pua cha hospitali kina nikeli ya zaidi ya sehemu moja kwa kila kumi, na zipo nanga zilizotengenezwa kwa vijitawi vya nitinoli, ambayo karibu nusu yake ni nikeli. Daktari akijua mapema atachagua nyingine bila gharama ya fikra.

Swali: Daktari wangu amenipa hiari: nanga ya chuma, ya plastiki, au inayoyeyuka mwilini. Mimi ni fundi seremala, najua skrubu za mbao, sijui hizi. Ungekuwa wewe ungechagua ipi? (Seremala)

Jibu: Swali zuri, na kwa kuwa wewe ni fundi tutaelewana upesi.

Chuma ndiyo nanga kongwe na ndiyo inayoshika kwa uhakika tangu dakika ya kwanza. Meno yake ni makali, haivunjiki inapokazwa, na huonekana wazi kwenye eksirei, jambo ambalo watu hulidharau mpaka siku nanga inapohama: ikiwa ya chuma, picha moja ya kawaida inakuonyesha ilipokwenda. Ubaya wake ni kwamba inaharibu picha za MRI, haiondoki kamwe, na endapo utahitaji upasuaji wa pili inaweza kuwa imekalia mahali hasa ambapo nanga mpya ingefaa kuingia. Seremala aliyewahi kukutana na msumari wa zamani ndani ya ubao anaijua karaha hiyo.

Zile zinazoyeyuka zilibuniwa ili kuiondoa karaha hiyo, na nakiri kwamba wazo lake lilinivutia kuliko matokeo yake. Za mwanzo, zilizotengenezwa kwa asidi ya poliglikoliki, ziliyeyuka upesi mno, na katika baadhi ya wagonjwa mfupa uliozizunguka ukaliwa ukabaki shimo lenye majimaji. Zilizofuata, za asidi ya polilaktiki, huchukua miaka kuisha, na zile zilizochanganywa na madini yanayofanana na ya mfupa huacha mfupa mzuri zaidi nyuma yake. Lakini ni laini kuliko chuma, na ikikazwa katika mfupa mgumu wa kijana bila kuandaliwa tundu vizuri, kichwa chake huweza kukatika mikononi mwa daktari.

Plastiki ngumu iitwayo PEEK imesimama katikati: haiyeyuki, haiharibu MRI, na daktari wa upasuaji wa pili anaweza kuitoboa kwa keekee akapita. Kwenye eksirei haionekani, jambo ambalo ni faida siku njema na hasara siku mbaya. Na katika miaka ya karibuni zimeingia nanga zisizo na kitu kigumu kabisa: ni mkanda laini wa uzi unaosukumwa kwenye tundu dogo, kisha ukivutwa hujikunja ukawa donge chini ya gamba la mfupa na kukataa kutoka. Hizi hutegemea sana ugumu wa lile gamba.

Ningechagua nini? Kwa mtu mwenye mfupa dhaifu, ambaye wasiwasi mkuu ni nanga kung'oka wiki za mwanzo, chuma bado nakiheshimu. Kwa kijana ambaye huenda akapimwa MRI tena na tena, ningeegemea PEEK au ile ya uzi mtupu. Lakini jambo moja ningelipa uzito zaidi ya yote hayo: ningemuuliza daktari yeye mwenyewe amezoea kuweka ipi. Kifaa cha wastani mikononi mwa mtu aliyekiweka mara mia hunipa usingizi mzuri kuliko kifaa kipya mikononi mwa anayekijaribu.

Swali: Kano yangu ilishonwa kwa nanga tatu za chuma, na mwezi wa tatu ikachanika tena nilipoinua ndoo ya maji. Picha inaonyesha nanga zote ziko palepale. Inawezekanaje chuma kishike na kano iachie? Nahisi niliwekewa vifaa vibovu. (Msomaji aliyeomba asitajwe)

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Barua yako inanigusa kuliko nyingine, kwa sababu umekwishajibu nusu ya swali kwa macho yako: nanga ziko palepale.

Fikiria mnyororo wenye pete nne. Pete ya kwanza ni nanga ndani ya mfupa, ya pili ni uzi, ya tatu ni fundo, na ya nne ni mahali uzi unapopita katika kano. Kila pete imewahi kuwa dhaifu kwa zamu yake. Katika nanga za mwanzo za chuma, tundu la kupitishia uzi lilikuwa na ukingo mkali kiasi kwamba uzi wa poliesta, ukivutwa huku na huku kwa pembe mbaya, ulisagika ukakatika. Madaktari wakajifunza kuligeuza tundu lielekee kano ilipo, na watengenezaji wakalainisha kingo. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaenea nyuzi za poliethilini yenye molekuli ndefu mno, ngumu kukatika. Hata pembe ya kuiingizia nanga ilipigiwa hesabu: mwaka 1995 daktari wa Texas, Stephen Burkhart, alipendekeza iingie kwa mlalo usiozidi digrii 45, akifananisha na namna wafugaji wanavyofukia gogo ardhini ili waya ulivute nguzo ya pembe ya uzio isilale. Majaribio ya baadaye ya maabara yameitilia shaka hesabu hiyo kwa nanga zenye meno ya skrubu, na sasa pembe haiabudiwi kama zamani, ingawa mimi bado nalipenda lile gogo la wafugaji kwa kufundishia wanafunzi.

Kila pete ilipoimarishwa, udhaifu ulisogea kwenye pete iliyofuata, mpaka ukafika kwenye ile ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza. Leo kano inaposhindwa baada ya kushonwa, mara nyingi ni uzi uliopenya katika nyama ya kano iliyochakaa, huku nanga na fundo vikiwa salama. Hicho ndicho picha yako inachokisimulia.

Tena kuna suala la muda. Kano haigandi mfupani kwa sababu imebanwa. Ni lazima kovu liote kati ya viwili hivyo, nalo huota taratibu. Katika wiki sita za mwanzo karibu mzigo wote unabebwa na nyuzi, ndiyo sababu mkono hufungwa kwa kitambaa shingoni kwa wiki nne hadi sita. Mazoezi ya nguvu kwa kawaida hayaanzi kabla ya wiki ya kumi na mbili, na hata hapo huanza kwa mpira wa kuvuta na vizito vidogo chini ya usimamizi wa mtaalamu wa tiba ya viungo. Ndoo iliyojaa maji ina kilo zisizopungua kumi, na katika mwezi wa tatu kovu lako lilikuwa bado changa. Sisemi haya ili nikulaumu, maana maumivu hupungua mapema kuliko kovu linavyokomaa, na bega lisilouma humdanganya mwenyewe. Mara nyingi kosa ni letu tunaomwambia mgonjwa "usinyanyue vitu vizito" bila kumtajia ndoo.

Yapo pia mambo yanayoichelewesha kano kushikana hata kwa mgonjwa mtiifu: uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa, umri mkubwa, mchaniko mkubwa, na msuli uliokaa muda mrefu bila kazi hadi ukaingiwa na mafuta. Kabla ya upasuaji wa pili, mwombe daktari akueleze hali ya msuli huo, kwa sababu ukiwa umegeuka mafuta kwa sehemu kubwa, hakuna idadi ya nanga itakayouamsha. Na ufahamu kwamba si kila kano iliyochanika tena hudai kisu. Wapo wanaobaki na mkono unaofanya kazi bila maumivu makubwa, hao huendelea na mazoezi tu.

Swali: Ni wiki ya saba tangu niwekewe nanga za chuma. Tangu juzi, nikizungusha mkono, nasikia kitu kinakwaruza ndani, kama kucha juu ya kigae. Maumivu si makali. Miadi yangu ya kliniki ni baada ya mwezi mmoja. (Dereva)

Jibu: Usisubiri mwezi. Mikwaruzo ya bega baada ya upasuaji ina sababu nyingi, na nyingi kati yake hazina madhara, kwa mfano kovu linalojikunja au fundo linalogusa mfupa wa juu. Lakini sababu moja haiwezi kungojewa: nanga ya chuma iliyochomoza juu ya uso wa mfupa, ama kwa kuwa haikuzama vya kutosha tangu mwanzo, ama kwa kuwa imelegea na kurudi nyuma. Kinachoikabili ng'ambo ya pili ni gegedu, ule utando laini unaong'aa ambao huufanya mfupa uteleze juu ya mwenzake, na gegedu likikwanguliwa halioti tena likawa kama lilivyokuwa. Ncha ya chuma inaweza kulichimba mfereji huku mgonjwa akihisi mkwaruzo tu.

Uzuri ni kwamba nanga yako ni ya chuma, kwa hiyo picha ya eksirei iliyopigwa kwa pembe mbili au tatu huweza kuonyesha ikiwa imetoka mahali pake. Pembe moja haitoshi, kwa maana nanga iliyochomoza mbele inaweza kujificha nyuma ya kivuli cha mfupa. Nenda nayo pamoja na ile uliyopigwa mara tu baada ya upasuaji, zilinganishwe. Mpaka hapo mkono ubaki kwenye kitambaa, usiuzungushe ili kusikiliza kama bado unakwaruza, na usukani umwachie mwenzako. Ukipata homa, wekundu au majimaji kwenye kidonda, usingoje hata picha. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.